Zimwi Lililotema Kahawa ya Kokusima

Sogeeni, na mwenye kikombe asimwage, maana hadithi hii hunipandisha hasira.

Zimwi moja lilibisha kwa Kokusima, mjane mkulima wa kahawa. Likapewa kikombe, likatema. "Chungu. Lete kingine au nikumeze." Cha pili likatema. Cha tatu likamtemea miguuni.

"Mshenzi wewe," Kokusima akafoka. "Nimechuma buni nyekundu moja moja, nikamenya, nikaanika, nikakimbiza ndani kila wingu lilipopita. Ulichotema utakichuma mwenyewe."

Papo hapo mate yakaota mibuni, ikalizingira. Zimwi, kwa uvivu, likapurura tawi zima, nyekundu na kijani. Kwa kuwa lilichanganya mbivu na mbichi, zote zikarukia tena tawini, likaanza upya.

Mpaka leo linapurura. Kokusima hupita na kikombe chake, anapuliza mvuke, anauliza, "Bado chungu, baba?"