Tui la Kwanza la Umeme

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si za kale sana maana umeme ulikwisha fika, wanyama kadhaa walipanga nyumba moja juu ya kilima cha mawe. Vyumba vya mbele, vikubwa vyenye madirisha, walikaa Kiboko, Nyati na Fisi. Uani palikuwa na vyumba viwili vidogo kama makabati. Kimoja alikaa Mama Kanga, na kingine alikaa Pimbi.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo wa majabalini. Hana mkia, hana pembe, hana kucha za kumtisha mtu. Ana mdomo tu.

Nyumba nzima ilipata umeme kwa waya mmoja mwembamba, na swichi kuu ilikuwa ukutani, kwenye ukumbi. Kiboko alikuwa na hita ya kuchemshia maji ya kuoga, na kuoga kwa Kiboko si kunawa uso. Ni pipa zima. Nyati alikuwa na pasi, maana alipenda kanzu yake isimame wima kama ubao. Fisi alikuwa na jiko la umeme la kuchemshia mifupa.

Jioni wakitoka kazini, Kiboko anawasha hita: vuuu! Nyati anachomeka pasi: tsss! Fisi anawasha jiko: ngrrr!

Tap! Swichi kuu imeruka. Nyumba nzima giza totoro.

"Nani huyo?" Kiboko anaunguruma bafuni, povu limemjaa machoni.

"Si mimi! Pasi yangu hata moto haijapata!" anajibu Nyati.

"Mimi jamani nachemsha kafupa kamoja tu," anasema Fisi, naye sufuria imejaa hadi mfuniko hautulii.

Wakamwita fundi. Akaja Ngedere, ambaye hupita juu ya nyaya kama wewe upitavyo barabarani. Akatazama, akanusa, akajikuna.

"Umeme wenu ni mzima," akasema. "Ila waya huu unabeba mzigo mkubwa mmoja tu kwa wakati mmoja. Taa hazina neno. Lakini hita na pasi kwa pamoja? Pasi na jiko? Lazima swichi iruke, la sivyo nyumba itaungua. Waya mnene upo mjini, na barabara imekatwa na mvua. Hadi hapo, peaneni zamu."

"Tumekusikia, fundi," wakasema wote. Jioni ile ile: vuuu! tsss! ngrrr! Tap!

Sasa sikilizeni. Msimu ule Mama Kanga aliugua homa kali. Mwili ulimtetemeka usiku na mchana, hakuweza kuatamia mayai yake. Akayapanga ndani ya sanduku lenye vumbi la mbao, juu yake akaning'iniza taa ndogo ya kuyapa joto. Taa ile haikumlemea mtu. Lakini swichi ikiruka, nayo ilizimika pamoja na vingine, na mayai yakaanza kupoa.

Kila ilipozimika, Pimbi alikimbia, akaingia sandukuni, akayalalia mayai kwa manyoya yake.

Fisi alimchungulia akacheka hadi akakaa chini. "Hi-hi-hiii! Njooni mwone! Dume zima linaatamia! Pimbi, utataga lini?"

"Nikitaga nitakuletea la kukaanga," Pimbi akajibu, lakini hakutoka.

Jioni moja Pimbi hakuwepo; alikwenda kumtafutia Mama Kanga dawa. Swichi ikaruka. Kiboko akasema Nyati ndiye akainyanyue. Nyati akasema Fisi. Fisi akasema yeye si mtumishi wa mtu. Wakabishana ukumbini huku swichi iko mbele ya pua zao. Pimbi aliporudi, alilikuta yai moja baridi kama jiwe la mtoni.

Mama Kanga aliligeuza yai lile, akaliweka sikioni, akaligeuza tena. Akalifunika kwa kipande cha kitenge.

Kulipokucha Pimbi aliwaita wakubwa watatu. "Shikamooni, wazee wangu. Nawaombeni tupeane zamu kama alivyosema fundi. Yai moja limekufa."

"Zamu?" Kiboko akafumbua jicho moja. "Mimi, kwa unene huu, nisubiri zamu?"

"Waliopanga hapa kabla yangu walikuwa wangapi? Hakuna!" akasema Nyati. "Basi wangoje waliokuja nyuma."

"Mfupa haungoji," akasema Fisi.

"Na wewe mtoto," Kiboko akaongeza, "tangu lini uani kukawashauri watu wa mbele?"

Pimbi akainama kwa adabu. "Nimekosa, wazee wangu. Nisameheni." Akaondoka taratibu. Lakini mdomo wake, wanangu, ulikwisha anza kazi.

Alimkuta Kiboko peke yake barazani. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja tena na zamu zako?"

"Hata! Nimekuja na siri." Pimbi akatazama kushoto na kulia. "Mzee, nazi inakunwa. Tui la kwanza likoje?"

"Zito, tamu."

"La pili?"

"Jepesi."

"La tatu?"

"Maji matupu! Kwani unataka kupika?"

"Umeme nao ndivyo ulivyo, mzee wangu. Alfajiri unatoka tui la kwanza. Ukifika jioni umekwisha kamuliwa mji mzima, umebaki makombo. Wewe, mtu mzima, ngozi yako yote hii, unaogea makombo!"

Kiboko alijitazama mkono. "Ndiyo maana siku hizi napauka!"

"Sikusema mimi. Ila usimwambie Nyati. Akijua, ataamka kabla yako."

"Nyati? Asijue kabisa!"

Pimbi akamfuata Nyati. "Bwana Nyati, hiyo kanzu umeipiga pasi jioni, siyo?"

"Umejuaje?"

"Imebeba unyevu. Umeme wa jioni umelowa umande. Wanaovaa vizuri hupiga pasi jua likiwa utosini, wakati waya umekauka kau! Njoo mara moja mchana, maliza, rudi kazini. Ila naomba lisifike kwa Kiboko. Unajua wivu wake."

"Kiboko anavaa nini hata aone wivu?" Nyati akakoroma, lakini mchana ule ule alionekana akinyata kuelekea chumbani, kanzu kwapani.

Akabaki Fisi. Kwake Pimbi hakusumbuka sana.

"Fisi kaka yangu, wenzako wamesusa umeme wa jioni. Wanasema ni makombo."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Makombo?"

"Makombo matupu."

"Yote?"

"Yote. Hakuna anayeyataka."

"Basi wasije wakajuta!" Fisi akalamba midomo. "Nyamaza, mdogo wangu. Usiwakumbushe."

Tangu siku hiyo, Kiboko aliogea alfajiri akiimba. Nyati alipiga pasi adhuhuri. Fisi alichemsha mifupa jioni, peke yake, akicheka. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma, kama unavyomtazama mjinga ambaye hajui kuwa ni mjinga. Swichi ikakaa kimya ukutani. Taa ya Mama Kanga ikawaka bila kukonyeza, homa ikapungua, na asubuhi moja sandukuni kukasikika: ko! ko! ko! Mayai yote yaliyosalia yalianguliwa.

Mama Kanga akawaalika majirani kuwaona vifaranga. Wakaja, wakajaa mlangoni.

"Ahsanteni, baba zangu," akasema, machozi yakimlenga. "Bila nyinyi kupeana zamu, hawa wasingekuwepo."

"Zamu?" Kiboko akashtuka. "Nani kapeana zamu? Mimi naoga alfajiri kwa sababu ya tui la kwanza!"

"Tui gani?" akauliza Nyati. "Umeme mzuri ni wa adhuhuri, umekauka!"

"Uongo! Mimi nimeachiwa makombo yote ya jioni!" akalia Fisi.

Wakatazamana. Kisha polepole, vichwa vitatu vikubwa vikamgeukia Pimbi.

"Ndiyo, niliwadanganya," Pimbi akasema. "Niliwaomba kwa ukweli, mkanifukuza."

"Sisi?" Kiboko akavimba. "Tupangiwe zamu na kitu kisicho na mkia? Leo tunawasha wote! Sasa hivi!"

Vuuu! Tsss! Ngrrr!

Tap!

Vifaranga wakalia wote kwa pamoja, wii-wii-wii, maana asubuhi ile kulikuwa na baridi. Kiboko akabaki bafuni ana sabuni hadi masikioni, maji ya baridi kama mvua ya mawe. Pasi ya Nyati ikapoa juu ya mkunjo. Mifupa ya Fisi haikuchemka. Pimbi alinyanyua vifaranga mmoja mmoja akawaingiza kwenye manyoya yake.

Wakubwa wakaingia chumbani mwa Kiboko, wakafunga mlango, wakanong'ona kwa muda mrefu. Walipotoka, Nyati alinyanyua swichi kwa mkono wake mwenyewe, na Kiboko akakohoa kama mtu mwenye hotuba.

"Sisi watu wa mbele," akasema, "baada ya kufikiri sana, tumetoa amri. Kuanzia leo Kiboko atawasha alfajiri, Nyati adhuhuri, Fisi jioni. Ni wazo letu wenyewe. Na wewe Pimbi, ole wako uivunje!"

"Mimi, wazee wangu?" Pimbi akainama hadi pua ikagusa sakafu. "Sithubutu!"

Mwenye kiburi, wanangu, ukimpa ushauri huutupa. Ukimpa siri huikumbatia.