Bi Kanga na Sahani ya Fundi Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Hamkuitikia vizuri, nyinyi mliokaa karibu na mlango. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na heshima nyingi kuliko akili, alikuwako Bi Kanga, mjane. Kila masika alitaga kwenye nyasi, na kila masika maji yalikuja yakachukua mayai. Akalia. Akataga tena. Maji yakachukua tena. Mwaka huo akasema, basi, nitajenga banda la kuatamia nyuma ya nyumba yangu, nami nipate wa kuniita mama.

Akamwita Fundi Ngiri. Ngiri alikuwa na maneno matamu na meno ya kuchimbia. Akaahidi nguzo za mpingo. Akasema, utakufa wewe mama, banda litabaki. Bi Kanga akampa mtama wake wote wa akiba. Ngiri akachimba, kwa-kwa-kwa. Akasimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, pa, pa, pa. Banda likapendeza, mtu asingejua.

Sasa sikilizeni desturi ya huko. Banda likiisha, mwenye banda hupika, majirani huja, kisha yeye na fundi hula sahani moja mbele ya watu. Wakishakula, kazi imepokelewa. Hakuna neno tena mpaka kiama.

Asubuhi ya karamu Bi Kanga aliingia bandani peke yake. Akaegemea nguzo ya mlango. Nguzo ikalia, nyiii. Akaidonoa kidogo. Udongo ukabanduka, mdomo ukazama ndani, laini. Huo si mpingo, wanangu. Huo ni mpapai.

Akamwita fundi pembeni, akamwonyesha. Ngiri hakuona haya hata kidogo.

"Mti mbichi huo, mama. Ukikauka utakaza."

"Fundi, huu ni mpapai."

"Mama, wageni wamefika. Unataka kunivunjia heshima mbele ya wageni?"

Bi Kanga akachungulia nje. Pundamilia ameshakaa. Swala ameshanawa. Chakula kinatoa moshi. Wataniona mshari, akawaza, mjane asiye na shukrani. Akanyamaza. Akatoka, akakaa na fundi, akatia tonge la kwanza mdomoni. Lilikuwa chungu, akalimeza. Majirani wakapiga vigelegele.

Akataga. Akaatamia. Akaatamia hadi akasikia vifaranga wakigonga ndani ya mayai, tk, tk, tk. Akawaitikia, maana hakuna raha kama ile. Siku hiyohiyo mvua ikaja. Nguzo zikanywa maji, zikalainika, zikainama. Kwanza ya mlango. Kisha ya nyuma. Kisha banda zima, bwaaa! Bi Kanga akajikongoja kutoka chini ya udongo, hai. Aliyetoka ni yeye peke yake.

Akaenda barazani na kipande cha nguzo mdomoni. Mwenyekiti alikuwa Nyati. Wote wakakitazama, wakaona ni mpapai, hakuna aliyebisha. Hata Ngiri hakubisha. Alisema tu, muulizeni mama kama alikula.

"Ulikula naye sahani moja?" Nyati akauliza.

"Nilikula."

"Na nguzo ulikuwa umeshaiona?"

Bi Kanga akatazama chini. "Nilikuwa nimeshaiona."

"Basi mimi nifanyeje, mama? Umeipokea kwa mdomo wako."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Bi Kanga kuliko tusi.

Baraza likavunjika. Ngiri akaondoka na kazi mpya, maana Swala naye alitaka ghala. Bi Kanga akarudi kwenye kifusi. Akafukua maganda, akayakusanya, akayakalia. Akayaatamia. Majirani wakaja kumwambia, hayo yamekufa, mama, njoo ule. Hakuinuka.

Najua mtasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli. Lakini uko ukuta ambao haujengeki tena. Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: ukiuona ubovu, useme kabla tonge halijafika mdomoni, wageni wakitaka wanune. Aibu ya karamu hupoa jioni. Mtoto aliyefukiwa harudi.

Hapo hadithi yangu imeketi, nami sina nguvu ya kuinyanyua.