Zimwi Lililoamkiwa

Sogeeni, wajukuu zangu, na anayetafuna muhogo atafune kimya.

Zimwi lilimmeza Bi Mwanahawa mzimamzima, likabana meno asitoroke. Humo tumboni bibi akawasikia wajukuu zake wakija mmoja mmoja.

Wa kwanza akafoka, "We dude, mtoe bibi!"

Zimwi likaguna tu, "Mm."

Wa pili akalipiga teke. "Huna masikio, we kizee?"

"Mm."

Bibi akaona haya humohumo tumboni.

Wa tatu, Siwema, akapiga goti. "Shikamoo, babu."

Miaka mia hakuna aliyeliamkia! Zimwi likajisahau, likaachama kwa furaha: "Marahabaaa, mjukuu wangu!"

Bibi akateleza nje.

Siwema akarithi kanga zote za bibi. Kaka zake wakarithi kazi ya kwenda kuliamkia zimwi kila asubuhi.