Bi Mize Aliyeahidi Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Chungu jikoni!

Kina wenyewe!

Mgeni mlangoni!

Hajala!

Haya, pukuchueni mbaazi huku mnasikiliza, maana hadithi huingia kwa masikio, mikono haina kazi nayo. Mbaazi zetu tieni kwenye ungo, za jirani yetu Bi Rukia tieni kwenye lile bakuli. Na wewe Mwanaisha usinibane. Hofu ikija, kila mtu ataishika ya kwake.

Hapo kale palikuwa na mjane akiitwa Bi Mize. Alikaa nyumba ya mwisho kijijini, pale mashamba yanapokoma na msitu unapoanza. Ghala lake lilijaa mpunga, na mbuzi wake walijaza zizi. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kike, aliyempata baada ya kuzika watatu. Kwa hiyo akamwita Tunu. Nanyi mnajua tunu ni nini: ni kitu cha thamani ambacho mtu hakipati mara mbili.

Bi Mize hakuwa mchoyo, msije mkanisingizia kwamba nimesema hivyo. Hakuna maskini aliyeondoka mlangoni pake mikono mitupu. Lakini alichotoa ni kile alichokuwa anakwenda kukitupa. Nguo ikitoboka, sadaka. Unga ukiingia wadudu, sadaka. Akishatoa hujisifu, "Kutoa ni moyo, si utajiri." Na kwa yule aliyepewa husema maneno yaleyale kila siku:

"Chukua hiki leo. Siku nyingine nitakupa tunu."

"Mama, usiseme hivyo," binti yake alimwambia. "Tunu ni mimi."

"Ni maneno tu, mwanangu. Maneno hayana miguu."

Siku moja, jua la utosi, watu wote wako mashambani, hodi ikabishwa. Bi Mize alikuwa jikoni anapika wali wa nazi. Tunu akaenda kuchungulia. Mlangoni amesimama mtu aliyejifunika kaniki kuukuu gubigubi. Tunu akatazama chini amwone miguu. Hakuna. Ile kaniki ilining'inia yenyewe, imeishia hewani. Mtoto akaingiwa na hofu.

"Nina njaa," sauti ikasema ndani ya kaniki. "Naomba chakula."

"Chakula hakijaiva," akajibu Bi Mize, na harufu ya wali imeshafika njiani. Akaokota chungu chenye ufa, akatoka nacho. "Chukua hiki leo. Siku nyingine nitakupa tunu."

Chungu kikaingia ndani ya kaniki. Hakikuanguka. Pale pasipokuwa na kitu pakatokeza tumbo.

Siku ya pili, jua la utosi, hodi tena.

"Nina njaa. Naomba chakula."

"Kavune mwenyewe," akasema Bi Mize, akampa miundu miwili iliyoliwa na kutu. "Chukua hii leo. Siku nyingine nitakupa tunu."

Miundu ikaingia ndani ya kaniki. Tunu akasikia meno yakisagana.

"Mama, yule si mtu," akasema. "Hana miguu, mama."

"Maskini wangapi hawana miguu? Kateke maji."

Siku ya tatu, jua la utosi, hodi tena.

"Nina njaa. Naomba chakula."

Bi Mize akatoa mkeka uliooza, umejaa kunguni. "Nenda ukalale, na njaa yako italala. Chukua huu leo. Siku nyingine nitakupa tunu."

Basi mkeka ukaingia ndani ya kaniki, na kaniki ikaanguka chini. Hapo Bi Mize akaona alichokuwa anakilisha mlangoni pake. Lilikuwa zimwi. Tumbo lake chungu, meno yake miundu, ngozi yake mkeka, na kunguni wanatembea humo kifuani na shingoni. Miguu nayo lilikuwa limeshaota.

"Nilikuwa njaa tupu," likasema. "Njaa haina mwili. Nilizunguka kijiji kizima nisiweze kumdhuru hata kuku. Wewe umenipa tumbo, umenipa meno, umenipa ngozi. Sasa siku nyingine imefika. Nipe Tunu."

"Chukua mbuzi," akasema Bi Mize. "Chukua mbuzi wote. Chukua ghala."

"Sikuahidiwa mbuzi. Umeniahidi Tunu mara ngapi?"

Tunu ndiye aliyejibu, amejibanza nyuma ya mlango: "Mara tatu."

Zimwi likafuata sauti. Likamvuta mtoto kwa mkono, likafunua miundu, likammeza mzima mzima. Bi Mize akapiga ukelele, lakini nani wa kumsikia, watu wako mashambani. Akatazama lile tumbo. Kwenye ufa wa chungu akaona jicho la mwanawe linamtazama.

"Mama," jicho likasema, "huku giza."

Bi Mize akapiga magoti. "Nifanye nini anirudie?"

"Tumbo hili lina ufa," likasema zimwi. "Hata nikimla mwanao sitashiba, nitarudi kwa wa jirani. Nipe kizima."

Bi Mize akakimbilia jikoni. Na hapa ndipo ninapomwonea huruma na hasira pamoja. Mkono wake ulipita vyungu vizuri vyote, ukaokota kile chenye pengo mdomoni. Hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, mazoea yana taabu.

"Hiki kina pengo," likasema zimwi, likasaga meno. Tunu akalia ndani kwa ndani.

Akakimbia tena, akaja na kingine.

"Hiki kimezibwa." Likasaga meno. Kilio cha Tunu kikawa kidogo.

Mara ya tatu Bi Mize akasimama katikati ya jiko. Akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemzuia mwizi. Motoni kilikuwapo kile chungu alichoachiwa na mama yake, ndicho alichokipenda kuliko vyote, na wali umo humo umeiva. Akakiepua kwa viganja vitupu. Viganja vikaungua, hakukiachia.

"Chukua hiki," akasema. Hakuongeza neno.

Zimwi likatoa chungu kibovu tumboni, likakiweka chini, na Tunu akaanguka kutoka humo. Likakiweka kile kizima mahali pake, likala wali wote, punje kwa punje.

"Nimeshiba," likasema, na sauti ilikuwa ya mtu. Na njaa ikishiba si njaa tena. Miundu ikaanguka, mkeka ukaanguka, kunguni wakatawanyika. Chungu cha urithi hakikuonekana tena hadi leo.

Tunu alipona, lakini alama za kutu zilibaki mkononi mwake, na kila hodi ikibishwa alishika kanga ya mama yake. Bi Mize naye, kila akiepua, humpakulia kwanza aliye mlangoni, kisha ndipo ajipakulie mwenyewe. Na neno tunu hakulitamka tena maishani mwake, ila anapomwita binti yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, wenye vyungu wachungulie vyungu vyao. Fundisho lake halina fumbo: usimpe mwenye njaa kile ambacho wewe mwenyewe huwezi kukila.

Sasa, Mwanaisha, lete hilo bakuli la Bi Rukia. Mbona mbaazi zake zote zina matundu? Nilikuona tangu mwanzo, nikanyamaza. Zimwage, mjazie kutoka kwenye ungo wetu.

Na fanya upesi, mjukuu wangu. Nasikia mtu anabisha hodi.