Aliyeshuka Penye Tanki la Maji

Sogeeni, akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba mliokaa kule mlangoni sogeeni pia. Sitawachosha.

Walikuwako mke na mume, kijiji cha juu kabisa mlimani, kule ambako tangawizi inastawi na barabara haistawi. Walikuwa na gari moja kukuu, yale ya kupandia milima ambayo magurudumu yote manne yanavuta, bati limechoka, rangi huwezi kuitaja. Watu wakalipa jina, Babu. Asubuhi utasikia, Babu ameshapita? Babu leo kakohoa sana. Lakini huyo Babu ndiye aliyeshusha magunia gulioni, ndiye aliyewahisha wagonjwa, ndiye aliyerudisha maiti nyumbani, na gari jingine la kuweza njia ile hapakuwa nalo.

Mume alilipenda, na alilitunza kwa kile alichokuwa nacho, nacho kilikuwa kidogo. Kinachoingia leo kinakwenda kwenye dawa za mama mkwe, kinakwenda kwenye unga, kinachobaki ndicho cha Babu, na Babu kila wiki ana ugonjwa mpya. Tangi la mafuta likatoboka, akaziba kwa sabuni ya kipande. Kitasa cha mlango wa abiria wa mbele kikafa, akawa anaufunga kwa nje kwa ukanda wa mpira wa tairi, ukitaka kushuka unamwita mtu akufungulie. Mnacheka. Nani hapa hana kitu cha namna hiyo nyumbani kwake?

Sasa ikafika zamu ya breki.

Fundi aliitwa pale pale uani, akafungua gurudumu la nyuma, na mke ndiye aliyeshika beseni la kukinga, mtoto wake Mbonea mgongoni. Raba za ndani zilikuwa zimelika, mafuta ya breki yanachuruzika tu. Raba mpya ziko mjini, na pesa za kununulia hazipo. Basi fundi akashika plaizi, akakikunja kile kibomba chembamba kinachopeleka mafuta kwenye gurudumu lile, akakigonga kwa nyundo mpaka kikabana, kama mkunga anavyofunga kitovu. Akajifuta mikono, akasema, "Mguu huu nimeulaza. Kwani kigoda kina miguu mingapi?" Wakacheka wote watatu. Na mke alicheka, kwa sababu lilichekesha.

Haukupita muda gurudumu la pili la nyuma nalo likaanza. Likafungwa. Safari hii fundi hakutania, alisema tu kwamba ya nyuma si ya kutegemewa sana, gari likiteremka uzito wote unalala mbele. Kisha moja la mbele nalo likaanza kulowa, nalo likafungwa, na mafuta ya breki yenyewe yalipokwisha wakajazia maji ya sabuni. Mke amesimama na beseni lake, hataki kuhesabu, akajikuta amehesabu. Limebaki moja.

Jioni ile, anapakua ugali, akamwambia mumewe wawaambie watu. Mume hakukasirika, ndugu zangu, angekasirika ingekuwa afadhali. Alinawa mikono polepole, akasema, "Mama Mbonea, wakijua, nani atapanda? Wasipopanda, raba nitanunua na nini? Acha tangawizi iuzwe, naitengeneza miguu yote minne. Nashuka kwa gia ndogo, mdogo mdogo. Wewe niombee tu."

Na alimwombea. Aliomba akifua, aliomba akinyonyesha, lakini kila siku ya gulio, Babu akiwashwa, hofu ilikuwa inamrudia. Maana alikuwa anaujua ule mteremko. Mnaujua wa hivyo, ule ambao upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu na upande mwingine unaona vilele vya migomba ya watu chini kabisa, na moshi wa majiko yao. Unaanzia penye tanki la maji la kijiji. Na alikuwa na mtoto mmoja, mtoto aliyempata kwa shida. Angefanya nini? Wewe ungefanya nini?

Alifanya hivi. Walipofika penye tanki la maji alimwambia mumewe asimame, mtoto anataka kutapika. Akafunguliwa mlango, akashuka. Akasema atakata kwa njia ya miguu, ile inayopita mashambani na kutokea chini ya kona ya mwisho, watamkuta huko. Gulio lililofuata, mtoto tena. Lililofuata, ni yeye ana kizunguzungu. Abiria wa nyuma wakapata la kusema, wakasema Mama Mbonea anapunguza tumbo la uzazi, wakamwambia mumewe amnunulie baiskeli basi. Mume alicheka nao, akitazama mbele. Hakumtazama mkewe usoni pale penye tanki hata mara moja, wala mke hakumtazama yeye. Walikuwa wameelewana bila kusema.

Ikafika siku ya gulio ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nyuma watu wamebanana juu ya magunia. Na katikati yao alikuwamo jirani yake, mwanamke anaitwa Naelijwa, mwimbaji mwenzake wa kwaya, yule aliyemshika mgongo siku anajifungua Mbonea na kumkanda kwa maji ya moto baada ya hapo, mpaka arobaini ikaisha. Gari likasimama penye tanki. Mama Mbonea akashuka na mwanawe, akamfunika kwa khanga.

Naelijwa akainua kichwa kule nyuma. "Mama Mbonea, kama unatembea, nikae hapo kwako? Gunia la mtu linaniua mgongo huku."

Jamani. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno. Neno dogo tu, hata la uongo, twende wote kwa miguu shoga yangu nina habari ya kukupa. Alilitafuta. Lilifika mpaka hapa kooni. Akamwona mumewe ameshika usukani kwa mikono miwili, akawaona wale watu wote nyuma, akafikiria wakishuka wote, akafikiria raba, akafikiria dawa za mama mkwe. Akasema, "Kaa."

Naelijwa akaingia mbele, akajiweka vizuri, akasema Mungu akubariki. Na kwa kuwa mlango ule ulikuwa unafungwa kwa nje, Mama Mbonea ndiye aliyeufunga. Akauvuta ule ukanda wa mpira kwa mkono wake, akauzungusha, akaukaza.

Alikuwa katikati ya migomba alipoisikia honi. Si honi ya kona. Honi isiyokatika. Gia ndogo ilichomoka, mume akakanyaga breki, na lile gurudumu moja likalivuta gari upande wa bondeni. Waliokuwa nyuma waliruka, mmoja baada ya mwingine, wakaumia mikono, wakachubuka, wakapona. Dereva akaruka kupitia mlango wake. Wa mbele hakuwa na wa kumfungulia, akaenda nalo.

Naelijwa hakufa. Mguu ndio ulikatwa, juu ya goti.

Jumapili iliyofuata kanisani kwao ikawa ibada ya shukrani. Mchungaji alimwita Mama Mbonea mbele na mtoto wake, akasema tazameni, Bwana alimgusa huyu akashuka kabla ya mteremko, tazameni mkono wa Bwana. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, wakamwimbia pambio, mzee mmoja akatoa jogoo kwa ajili ya mtoto. Na yeye akasimama pale, akaweka sadaka yake kwenye kapu, akasema ahsanteni. Jogoo akamchukua.

Alikwenda hospitali baada ya ibada, bado yumo ndani ya vitenge vya kwaya. Alikwenda amejiandaa kutukanwa. Nafikiri alitamani kutukanwa. Akamkuta Naelijwa amelala, shuka limenyooka mahali ambapo mguu ungeliinua. Naelijwa akauliza kwanza habari ya mtoto. Akauliza kama kile kikohozi kimepoa. Kisha akautazama ukuta.

"Kila gulio ulikuwa unashuka pale," akasema. "Mimi nilijua una mimba, unaficha. Nikawa nakuombea isiharibike."

Mama Mbonea akavuta kiti, akakaa.

"Ungenishika mkono tu, mwenzangu. Ningeshuka. Hata kwa nini nisingeuliza."

Basi. Akageukia ukuta, na mwenzake akabaki amekaa pembeni ya kitanda mpaka wauguzi walipowatoa wageni.

Sasa ninyi mnaniangalia, mnasubiri nimseme yule mume. Mume na asemwe siku nyingine. Au fundi na kigoda chake. Wote wale walijidanganya, waliamini tangawizi itauzwa. Lakini yule mama hakuamini. Ndiyo maana alishuka. Miguu yake ilisema ukweli kila siku ya gulio, na mdomo wake haukusema hata siku moja. Na watu wakauita muujiza.

Ndugu zangu, sisi ndio hao. Hofu si dhambi, mimi mwenyewe nina mtoto mdogo na usingizi wangu ni wa kuruka ruka, najua hofu inavyokaa tumboni. Lakini hofu yako ukiijua, umepewa ili ishushe mtoto wako peke yake? Nyumba ile umemkataza binti yako asikanyage, kwa sababu unajua kilichomo, na binti wa jirani unamwona anaingia, unamwitikia shikamoo. Kisima kile umeacha kuchota, unapita mbali, kimya, na wenzako unawakuta na ndoo zao mnasalimiana vizuri. Yule kijana ulimkatalia mwanao, ukaenda kuimba kwenye harusi yake na mtoto wa mwenzako. Tunawapisha viti vyetu. Tunawafungia na mlango. Halafu Jumapili tunakuja hapa mbele na mtoto mkononi, tunasema Bwana ametuokoa.

Kiti alichokuachia mtu, tena kwa tabasamu, je, hukuwahi kujiuliza kwa nini amekiacha?

Leo hatuanzi na shukrani. Kapu libaki hapo hapo lilipo. Kila mmoja amshike mkono aliyeketi kando yake, mshike kweli, si kwa vidole. Na kama kuna kitu unakijua ambacho yeye hakijui, usimwachie huo mkono mpaka umemwambia.