Tembo na Dawa Yenye Miguu

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kiu.
Kiu ya nani?
Ya mwenye mto.

Basi hapo kale palikuwa na bonde, bondeni mto, kando ya mto miwa, na katikati ya miwa Tembo. Miwa ile hakuipanda yeye. Ilijiotea, na kila mnyama alikuwa akila, hadi Tembo alipofika, akasimama katikati, akasema, "Kuanzia leo hii ni yangu." Nani angebisha? Bi Ndezi, yule mnyama mfano wa panya ambaye riziki yake ni miwa, alifukuzwa pamoja na wanawe. Wakaenda kukaa mlimani kwenye mawe, wakawa wanatafuna nyasi kavu.

Tembo akala. Krachu, krachu, krachu. Asubuhi miwa, mchana miwa, jioni miwa, na asali juu yake. Hatembei, anageuka tu. Akimaliza upande huu anageukia upande ule.

Siku moja akasikia kiu. Akanywa, gubu gubu gubu. Akakojoa, shaaa. Akasikia kiu. Akanywa, gubu gubu gubu. Akakojoa, shaaa. Akasikia kiu. Alipotazama chini akaona sisimizi wamejaa kwenye mkojo wake kama walioalikwa harusi. Hakuelewa. Halafu macho yakaingia ukungu, kidonda cha mguuni kikakataa kupona, na mwili wote ule ukachoka hata kuinua mkonga.

Akamwita Kunguru, mganga. Kunguru akaonja pale chini, akatema.

"Hiki ni kisukari, bwana. Umezidi utamu."

"Dawa yake?"

"Tafuna mwarobaini. Uchungu utafukuza utamu."

Tembo akatafuna mwarobaini. Uchungu ukamkaa mdomoni, akausukuma kwa miwa. Hakupona.

Akamwita Nungunungu, mganga wa mizizi. Nungunungu akasema huo mwarobaini ndio uliomharibu. Dawa ni asali, maana asali si sukari, asali ni maua. Tembo akafurahi, akamaliza mzinga mzima. Akaanguka, puu, akalala kutwa. Alipoamka, Kunguru yuko huku na Nungunungu yuko huku, mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile.

"Mnaniponya au mnaniua?" akauliza.

"Mwulize huyu," kila mmoja akasema.

Hapo Tembo akaogopa. Na aliyezoea kuogopwa hajui kuogopa vizuri. Akawa anaogopa hata kivuli chake, maana kwa macho yale ya ukungu hakujua kama ni chake.

Habari zikafika mlimani. Bi Ndezi akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ndezi, yule uliyemfukuza."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukwambia kwamba dawa yako naijua. Ila ina miguu."

"Dawa ina miguu?"

"Ina miguu na ina mbio. Jua likichomoza hutoka shimoni, ikauzunguka mlima wote, jua likizama ikarudi. Ukiikamata umepona. Lakini ina pua kali, baba. Ikinusa miwa au asali kwa mtu, haikaribii."

"Sasa mimi nile nini?"

"Majani, magome, nyasi. Chakula chetu sisi tusio na kitu."

"Na miwa yangu itachungwa na nani?"

Bi Ndezi akainamisha kichwa. "Ni kazi nzito. Lakini kwa ajili yako, mimi na wanangu tutajitolea."

Tembo akaondoka. Tii, tii, tii, akauzunguka mlima. Huku bondeni, kwichi, kwichi, kwichi, ndezi wakajitolea.

Jioni akarudi. "Sijaiona."

"Huko ulikopita, nyasi zimelala?"

Tembo akageuka kutazama njia aliyotoka. "Zimelala."

"Basi ilikuwa karibu sana. Kesho ongeza mwendo."

Kesho yake tii, tii, tii. Kesho yake kwichi, kwichi, kwichi. Kila siku hivyo, hadi msimu ukapinduka. Kiu ikapungua. Sisimizi wakahama. Kidonda kikaanza kufunga. Tembo akazidi kuchanganyikiwa: anapata nafuu ya dawa ambayo hajaipata.

Macho nayo yakatakata. Siku moja akiwa juu mlimani akatazama bondeni, akaona nusu ya miwa imekuwa visiki, na juu ya visiki watoto wa ndezi wameota vitambi. Akashuka mbio, akainua mguu juu ya Bi Ndezi.

"Umenidanganya. Dawa haina miguu."

Bi Ndezi akauliza taratibu, "Baba, una kiu?"

Tembo akafikiri. "Sina."

"Kidonda?"

"Kinafunga."

"Basi kama nimekudanganya, nafuu hiyo umeipata wapi?"

Tembo akabaki na mguu hewani. Akimkanyaga huyu, na ugonjwa ukirudi, atamwuliza nani? Akaushusha polepole, pembeni.

"Niambie ukweli. Nimeipata au sijaipata?"

"Bado, baba."

"Nitaipata lini?"

"Siku utakayosema umeipata, utarudi kwenye miwa, nayo dawa itakukimbia."

Tembo hakuamini. Akavunja muwa, akavunja wa pili, akala hadi jua likazama. Kulipokucha koo limekauka na macho yana ukungu. Hakumwambia mtu. Akaelekea mlimani, tii, tii, tii.

Ndiyo maana hadi leo tembo hakai mahali pamoja. Kutwa yuko njiani. Ukimwuliza anatafuta nini, atakutazama kidogo, atapepea masikio, ataendelea na safari.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwakolea, gawaneni. Ikizidi sukari, nimwagieni mimi.

Na funzo lake ni hili: mwizi akiingia shambani kwako usimpigie kelele, huenda ni mganga. Na wewe mwenye kisukari, usimfuate Ndezi wala mimi. Meza vidonge vyako, nenda kliniki, na huo muwa ulioficha nyuma ya mlango niletee mimi nikuchungie.