Milango Mifupi ya Kwamgobe

Kabla lami haijafika Kwamgobe, watu wa mji huu hawakujua kuinama. Bidhaa zao ziliuzwa gulioni, uwanjani pasipo mlango, kila Jumanne, na mtu alikwenda kununua chumvi kichwa juu kama jogoo aliyeshiba. Hata salamu ilikuwa kazi. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na wengine walingoja mpaka wakazikwa.

Ndipo akaja Bwana Hemedi Nasoro kutoka Pangani, mrefu, tajiri, mwenye kofia nyeupe isiyokaribiwa na vumbi. Alitaka duka la mawe na chokaa pale pembeni, njia ya gulio inapokutana na njia ya msikiti. Milango miwili itazame gulio, miwili itazame msikiti, na baraza ya kukalia izunguke pande zote mbili. Kwamgobe ilikuwa na nyumba za miti na udongo tu. Watu walikuja kuangalia msingi ukichimbwa kana kwamba wanaangalia harusi.

Kazi alipewa Mzee Sekibaha, fundi mwashi. Maisha yake yote alikuwa amejengea watu wa miji mingine, akirudi nyumbani na vumbi la chokaa kwenye kope. Hili lilikuwa jengo lake la kwanza kwao, na kwa umri wake alijua ni la mwisho. Binti yake, Mwantumu, ndiye aliyemkorogea chokaa na kumpandishia mawe. Mzee huyo hakuwa na kipimo kingine ila mkono wake, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Aliulaza ukutani, akahesabu, akagonga jiwe. Mwantumu aliupenda mkono ule. Akiwa mdogo aliamini nyumba zote za dunia zimetoka ndani yake.

Milango ya upande wa gulio ilipokwisha, Mzee Sekibaha aliamka asubuhi moja upande wake wa kulia umekufa. Mkono ulining'inia tu.

Bwana Hemedi alikuja kumjulia hali, akasimama mlangoni, hakuingia. Alisema pole, kisha akasema lililomleta. Masika yalikuwa karibu, na kuta zisizo na paa zingeharibika. Angeleta mafundi wa Pangani wamalizie.

Mwantumu aliona machozi yakimtoka baba yake, kitu ambacho hakuwahi kukiona. Wageni wakimalizia, jengo litaitwa lao. Mjini kwake hakutabaki hata jiwe moja la Sekibaha.

"Nipe siku ishirini, Bwana," alisema Mwantumu. "Nitamalizia mimi."

Bwana Hemedi alimtazama binti huyo, akatazama mawingu, akakubali. Tuseme kweli, mafundi wa Pangani walikuwa ghali.

"Mlango ni mikono minne," baba yake alimwambia kwa ulimi mzito. "Usizidishe, usipunguze."

Naye hakuzidisha wala hakupunguza. Alilaza mkono wake ukutani, akahesabu minne, akapandisha boriti. Seremala akaja, akapima uwazi aliokuta, akatengeneza milango ya mninga. Hakuna aliyegundua kitu, kwa sababu upande wa msikiti hauonekani ukiwa gulioni, na jukwaa na mikeka ya kuzuia jua vilikuwa vingali vimeuziba. Siku ya kumi na tisa paa lilikamilika. Mwantumu aliketi kwenye baraza, akacheka peke yake.

Siku ya kufungua, walimbeba Mzee Sekibaha na kitanda chake cha kamba, wakampitisha upande wa gulio, wakamweka ndani katikati ya magunia. Watu wakajaa nje. Bwana Hemedi, ambaye alikuwa ametoka kuswali, akaja kwa njia ya msikiti, kifua mbele, akaingia.

Paji la uso likagonga boriti, na mlio wake ukasikika mpaka nje. Kofia ikaanguka, ikabingirika ndani.

Bwana Hemedi akainama kuifuata kofia yake, hasira imemjaa mdomoni, na alipoinua macho akakutana ana kwa ana na Mzee Sekibaha. Hakuwa amemtazama machoni tangu augue. Na mtu akishainama mbele ya mzee, ulimi unajua la kusema.

"Shikamoo," alisema tajiri kumwambia mwashi wake.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akajishika paji la uso. "Nani kapima mlango huu?"

"Mimi, Bwana," alisema Mwantumu. "Mikono minne." Akaulaza mkono wake kwenye fremu, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, ukafika juu sawasawa. Ndipo akageuka, akaiona milango ya gulio ilivyo mirefu, akauona na mkono mrefu wa baba yake juu ya shuka. Akatamani ardhi ipasuke.

Mzee Sekibaha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. "Kosa ni langu. Sikumwambia mikono ya nani."

Mmoja akapaza sauti nje kwamba ibomolewe. Bwana Hemedi aliipangusa kofia yake, akaivaa.

"Iacheni," alisema. "Anayetaka chumvi yangu na apitie hapa, ainame."

Wakaingia mmoja mmoja, wameinama, na kila aliyeinama alimkuta mzee mbele yake, akamwamkia. Wengine walikuwa hawajasemeshana miaka. Mzee Sekibaha aliitikia mpaka sauti ikamwishia. Alifariki masika yale yale, mvua ikipiga juu ya paa la binti yake lisilovuja.

Mwantumu naye hayupo sasa. Chokaa imebanduka, mabati yameota kutu, na ile baraza tuliyokalia utotoni tukila kashata imeng'olewa kupisha barabara. Natamani mngeiona. Madukani siku hizi milango ni ya vioo, na mirefu hata twiga angepita.

Lakini tangu siku ile ya kufungua, mtu wa Kwamgobe akiingia dukani, duka lolote, huinamisha kichwa na kuamkia kabla hajataja anachotaka. Wageni hutucheka, wanasema tunainamia hewa. Tunauinamia mkono wa Mwantumu.